Profesa Nash aliacha dawa akapona: je, na mdogo wangu aache?

Swali: Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 22, alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu akisoma hesabu. Tangu mwaka jana anasikia watu wakimsema ilhali hakuna mtu, na anaamini namba za magari zinamletea ujumbe. Kliniki walisema ni skizofrenia, wakamwanzishia vidonge. Sauti zimepungua, lakini amenenepa, analala kutwa na mikono inamtetemeka. Bibi anasema hesabu zimemzidi kichwa. Mjomba ametuletea habari za John Nash, profesa wa Marekani mwenye ugonjwa huohuo, aliyetupa dawa, akapona mwenyewe na kupata Tuzo ya Nobel. Anataka na sisi tuziache. Mama naye anataka kuchoma madaftari ya mdogo wangu, maana usiku anayajaza namba tu. Tufanye nini? – Dada mtu, Morogoro

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuuguza, na pole zaidi kwa kuuguza katikati ya washauri wengi.

Nianze na mjomba, kwa sababu hajadanganya. John Nash aliacha dawa mwaka 1970 na hakuzirudia. Akili yake ilirudi. Nobel aliipata, mwaka 1994. Ila habari hii ikisimuliwa sebuleni huruka upesi mno kutoka kuacha dawa hadi kurudi kwa akili, na hapo katikati pana miaka kama ishirini. Ukitaka kujua kama mdogo wako aige, lazima uitazame hiyo ishirini: alikaa kwa nani, alikula cha nani, nani alimvumilia. Ndiyo maana jibu langu litakuwa refu.

Nash alizaliwa Juni 1928 huko Bluefield, mji mdogo wa West Virginia. Baba alikuwa mhandisi wa umeme, mama aliwahi kufundisha shule. Alikwenda Pittsburgh kusomea uhandisi wa kemikali, akakinai, akahamia kemia, akakinai tena, walimu wa hesabu wakamvuta kwao. Alipoomba nafasi chuo kikuu cha Princeton mwaka 1948, profesa wake alimwandikia barua ya mistari michache tu, na kiini chake ni kwamba kijana huyu ana kipaji cha hesabu kisicho cha kawaida. Miaka miwili baadaye, kabla hajatimiza miaka 22, alikabidhi tasnifu ya uzamivu yenye kurasa kama thelathini. Hiyo ndiyo kazi iliyokuja kumpa Nobel.

Mimi hesabu niliachana nazo kidato cha sita, tena kwa kuponea chupuchupu, lakini wazo lenyewe halihitaji profesa. Chukua daladala zilizopanga foleni stendi. Kila dereva anangoja gari lijae ndipo aondoke. Abiria wanachelewa, jua linawaka, makondakta wanakauka koo, na kama wote wangekubaliana kuondoka kila baada ya dakika kumi, kila mtu angenufaika. Lakini dereva mmoja akijiamulia peke yake kuondoka na viti vitupu, abiria ambao angewapata wanachukuliwa na aliye nyuma yake, na jioni yeye anarudi bila hesabu ya tajiri. Kwa hiyo hakuna anayeondoka. Hali ya namna hiyo, ambapo hakuna anayefaidika kwa kubadili uamuzi wake peke yake maadamu wengine wameshikilia wa kwao, leo inaitwa msawazo wa Nash. Yeye alithibitisha kwamba mchezo wowote (wanahesabu huita mchezo hali yoyote kama hii ya madereva) wenye idadi ya wachezaji na ya hatua iliyo na kikomo una angalau msawazo mmoja wa aina hiyo, mradi mchezaji aruhusiwe kuchanganya hatua zake kwa bahati nasibu. Alipomweleza John von Neumann, mkubwa wa fani hiyo ya hesabu za michezo wakati ule, alijibiwa kwamba hilo ni jambo dogo tu. Wachumi hawakukubaliana na mkubwa.

Wanahesabu wenyewe watakuambia kwamba hiyo haikuwa hata kazi yake bora. Akiwa mwalimu MIT, chuo cha teknolojia karibu na Boston, katika miaka ya 1950 alitatua tatizo la jiometri ambalo nitajaribu kukusogezea hivi: fundi nguo anasomewa vipimo vyote vya kitambaa, kila sehemu ndogo na urefu wake, lakini kitambaa chenyewe haonyeshwi. Je, kitambaa hicho kinaweza kuwepo kweli, kikakunjwa na kutandazwa mahali halisi bila kuvutwa wala kuminywa popote? Nash alionyesha kwamba kinaweza, mradi mahali hapo pawe na pande za kutosha, nyingi kuliko hizi tatu tulizozoea. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1954 na 1956. Kisha akaingia kwenye milinganyo inayoeleza jinsi joto linavyosambaa na vimiminika vinavyotiririka, akafika kileleni na kukuta Mwitaliano Ennio De Giorgi ametangulia kwa njia yake mwenyewe. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba kama mmoja wao angeshindwa, yule mpanda mlima aliyebaki huenda angepewa Medali ya Fields, tuzo kubwa ya wanahesabu.

Sasa bibi. Tazama tarehe hizo. Tasnifu ni 1950, jiometri ni 1954 na 1956, milinganyo ni 1957 na 1958. Ugonjwa ulijitokeza mwanzoni mwa 1959, akiwa na miaka 30. Karibu yote aliyoyafanya makubwa aliyafanya akiwa mzima, na ugonjwa ulipoingia ulimnyang'anya hesabu. Kama hesabu zingekuwa zinaleta wazimu, ungemwingia akiwa katikati ya ile jiometri iliyowakosesha wenzake usingizi.

Najua kwa nini bibi anaona hivyo, na si bibi peke yake. Kliniki nasikia "alisoma sana akachanganyikiwa" karibu kila wiki. Skizofrenia kwa vijana wa kiume huanza mara nyingi kati ya miaka 18 na 25, yaani umri uleule wa chuo. Ugonjwa na chuo hukutana njiani. Kijana wa umri huo aliye machimboni au kwenye mashua ya uvuvi huugua vilevile, ila yeye anasemwa kuwa amelogwa au ameingiwa na jini, kwa kuwa hakuna kitabu cha kusingiziwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mmoja katika kila watu 300 na kitu ana ugonjwa huu. Waliosoma hesabu kati yao ni wachache mno.

Jinsi Nash alivyoanza kuugua utaitambua, kwa sababu umeniandikia mwenyewe habari za namba za magari. Kwake ilikuwa tai nyekundu. Aliona wanaume waliovaa tai nyekundu kuwa ni kundi moja lenye njama. Siku moja aliingia kwenye chumba cha mapumziko cha wanahesabu pale MIT akiwa na gazeti la New York Times, akasema kuna viumbe wa mbali wanaompelekea ujumbe kupitia gazeti hilo. Chuo Kikuu cha Chicago kilipomtaka awe profesa alijibu kwamba hawezi, anatarajiwa kuwa mfalme wa Antaktika. Februari 1959 alitoa mhadhara mjini New York kuhusu moja ya maswali makubwa ya namba tasa, na waliokuwa ukumbini hawakuambulia kitu. Wengine walidhani anatania, maana hata alipokuwa mzima alikuwa mtu wa vituko. Hilo nalo huchelewesha familia nyingi: kijana mwenye akili sana husamehewa mambo ambayo mwingine angepelekewa daktari mapema.

Aprili mwaka huohuo alilazwa McLean, hospitali ya wenye nacho karibu na Boston. Kuna mazungumzo ya huko ambayo huwa nayarudia kwa wanafunzi wangu kila mwaka. Mwanahesabu mwenzake, George Mackey, alikwenda kumtazama, akamuuliza: wewe mtu wa uthibitisho na mantiki, unawezaje kuamini kwamba viumbe wa anga za mbali wanakutumia ujumbe? Nash alimjibu kwa upole kwamba mawazo hayo yalimjia kwa njia ileile iliyomletea mawazo yake ya hesabu, kwa hiyo aliyachukulia kwa uzito.

Lisome tena jibu hilo, halafu mfikirie mdogo wako na namba zake za magari. Kwake yeye hilo halina tofauti na kujua kwamba saba mara nane ni hamsini na sita. Ndiyo sababu kubishana naye hakufai kitu. Mkimwambia "acha ujinga", anachosikia ni kwamba mnamtaka akane alichokiona kwa macho yake. Msimkubalie kwamba ujumbe upo, msimcheke pia. Mwambieni ninyi hamuuoni, ila mnaona kwamba unamnyima usingizi. Usingizi ni kitu mnachoweza kukubaliana nacho wote.

Kwa kuwa mjomba huenda alianzia kwenye ile filamu ya Hollywood ya mwaka 2001 kuhusu Nash, A Beautiful Mind, niseme mawili juu yake. Ile picha ya mtu anayeona rafiki ambaye hayupo ni ya kubuni. Nash hakuwa mtu wa kuona vitu. Alikuwa na imani zisizotikisika, na sauti zilimjia miaka kadhaa baadaye. La pili, karibu na mwisho filamu inamfanya aseme anatumia dawa za kisasa zaidi. Hakuwa anatumia dawa yoyote. Inaelezwa kwamba waliiweka sentensi hiyo kwa kuogopa wagonjwa wasije wakatupa vidonge vyao. Kwa hiyo mjomba wako anajua zaidi ya filamu, tumpe haki yake.

Kilichofuata baada ya McLean ndicho huwa hakisimuliwi. Mtoto wake alizaliwa Mei 1959, katika majuma hayohayo ya hospitali, akakaa karibu mwaka mzima bila jina, kwa sababu mkewe Alicia aliona baba mtu hana budi kushirikishwa kumpa jina. Nash aliacha kazi, akaenda Ulaya, akahangaika Geneva na Paris kutaka kuukana uraia wa Marekani, mpaka akarudishwa kwao mwaka 1960. Januari 1961 familia ilimpeleka katika hospitali ya serikali huko Trenton, New Jersey. Sisi Tanzania mtu akimwambia mwenzake "utapelekwa Mirembe" ni tusi. Kwao Trenton ilikuwa na sifa ya namna hiyo.

Pale alitibiwa kwa insulini. Si kama mnavyoijua kwa wenye kisukari. Mgonjwa asiye na kisukari alichomwa sindano ya insulini mpaka sukari ya damu ikashuka na yeye akazimia kabisa, kisha akarudishwa kwa sukari. Karibu kila siku, kwa majuma. Tiba hiyo ilitoka Vienna miaka ya 1930 na ilikuwa inaachwa hospitali nyingi wakati Nash anaipata, kwa kuwa ilikuwa inaua baadhi ya wagonjwa na hakuna aliyeweza kuonyesha kwamba inawaponya wengine. Nash aliiona kuwa ni mateso. Nakueleza haya ili ujue chuki yake kwa hospitali ilitoka wapi. Mwenyewe aliandika kwamba alikaa miezi mitano hadi minane kwa mara moja katika hospitali za New Jersey, kila mara bila ridhaa yake, na kila mara akitafuta hoja ya kisheria ya kutolewa. Mtu aliyepitia hayo akisema hataki tena dawa zenu, mimi simshangai.

Na bado hata humo kuna jambo ambalo mjomba halitaji. Kila aliposhikiliwa na matibabu alipata nafuu ya kipindi, naye mwenyewe aliviita vipindi hivyo urazini wa kulazimishwa. Jina lina uchungu, lakini katika vipindi hivyo alifanya kazi: mwaka 1962 alichapisha kwa Kifaransa makala kuhusu milinganyo ya vimiminika, na mwaka 1966 akatoa nyingine katika jarida kubwa la Princeton. Kisha aliacha vidonge, ugonjwa ukarudi, akalazwa tena. Kwa miaka ya 1960 yote picha ni hiyo. Alicia alipewa talaka mwaka 1963. Nash akaenda kuishi kwa mama yake Roanoke, Virginia, akitembea barabarani na kuandika barua za ajabu kwa watu wa kila aina, mpaka mama alipofariki mwaka 1969.

Mwaka 1970 Alicia alimpokea nyumbani kwake, karibu na Princeton. Hawakuwa mke na mume tena; alimpokea kama mpangaji asiyelipa kodi. Alicia alikuwa msichana wa El Salvador aliyesoma fizikia MIT wakati wanawake darasani walihesabika kwa vidole, na sasa alikuwa anaishi kwa kuandika programu za kompyuta, analea mtoto, na anamlisha mwanaume ambaye sheria ilisema si wake. Aliamua kwamba hatamlaza tena, amwache akae kwa utulivu. Watu humsifu Nash kwa kuushinda ugonjwa. Mimi nikiulizwa dawa yake ilikuwa nini baada ya 1970, humtaja Alicia kwanza.

Wa pili ni chuo. Princeton hawakumwajiri, lakini hawakumfukuza. Kila siku alifika kwenye jengo la hesabu, Fine Hall, akatembea korido na kuandika ubaoni usiku: majina ya viongozi yaliyogeuzwa kuwa namba, namba zilizovunjwavunjwa kuwa namba tasa, mafumbo yasiyofunguka. Wanafunzi wapya walimwita mzuka wa Fine Hall. Waliowatangulia waliwaambia wamwache, huyo alikuwa mtu mkubwa. Maktaba aliruhusiwa, kompyuta aliruhusiwa, akajifunza kuandika programu. Hakuna aliyemuuliza utapona lini.

Hivyo ndivyo ilivyopita miaka ya 1970, na sehemu kubwa ya miaka ya 1980. Mwanafizikia Freeman Dyson alikuwa akimsalimu asubuhi kwa miaka bila kujibiwa. Siku moja Nash akamjibu, akamwambia ameona habari za binti yake tena. Binti wa Dyson alikuwa mtu wa kuandikwa magazetini. Dyson hakuwa na habari kwamba Nash anajua hata kama yeye ana binti. Kuanzia hapo, alisimulia Dyson, Nash aliendelea kuamka taratibu.

Nash mwenyewe alieleza kwamba alianza kuyakataa kwa akili baadhi ya mawazo yale, la kwanza likiwa fikra za kisiasa, ambazo aliona ni kupoteza nguvu bure. Yaani sauti na fikra zilikuwa zinakuja, naye akawa anazikataa moja moja, kama mtu anayeacha kupokea simu za namba asizozijua. Naamini ni kweli. Ila kumbuka alikuwa ameshakaribia miaka sitini, umri ambao kwa wagonjwa wengi ugonjwa huu hupungua makali wenyewe. Vermont, Marekani, waliwafuatilia wagonjwa 269 waliokuwa wodi za nyuma za hospitali ya jimbo katika miaka ya 1950, watu ambao kila mtu alikuwa ameshawakatia tamaa, na baada ya miaka thelathini na kitu wakakuta nusu hadi theluthi mbili wamepata nafuu kubwa au wamepona. Matokeo yalitolewa mwaka 1987. Lakini watu wale walikuwa wametolewa hospitalini na mpango wa makazi, kazi na watu wa kuwafuatilia. Sikwambii hili ili muache vidonge. Nakwambia ili mama yako ajue kwamba neno skizofrenia halimaanishi mtoto amekufa akiwa hai.

Kwa hiyo mjomba akisema "Nash aliacha dawa akapona", mwambie ndiyo, halafu mhesabie bei. Tangu kuugua hadi kupona ni miaka 25 hivi ambayo Nash mwenyewe, kwa mzaha wake mkavu, aliifananisha na likizo. Ndoa ilivunjika. Mtoto yule aliyekaa bila jina, John Charles, alikua, naye akaugua ugonjwa uleule, ingawa uzamivu wa hesabu aliupata. Mchumi aliyetumwa kutoka Sweden kumwangalia Nash kama anafaa kupewa Nobel alipomkaribisha chakula kwenye klabu ya maprofesa, Nash alisimama mlangoni akauliza kama anaruhusiwa kuingia, kwa kuwa yeye si mwalimu pale. Mtu ambaye jina lake lilikuwa katika kila kitabu cha uchumi.

Na tusimfanye mtakatifu. Kabla ya Alicia alizaa na muuguzi mmoja wa Boston mtoto wa kiume, mwaka 1953, akawaacha katika dhiki mpaka mtoto akalelewa kwa watu. Wakati huo hakuwa mgonjwa. Mnapomuuguza mdogo wako mtakuta hili pia: mengine ni ugonjwa, mengine ni yeye tu, na ana haki ya kukasirikiwa kwa yaliyo yake.

Ya mwisho ya Nash ni mafupi. Alimwoa Alicia tena mwaka 2001. Mei 2015 mfalme wa Norway alimkabidhi Tuzo ya Abel, nayo ni tuzo kubwa ya hesabu, mjini Oslo, na siku chache baadaye, wakitoka uwanja wa ndege kurudi nyumbani, teksi yao ilipata ajali New Jersey, wakafariki wote wawili. Alikuwa na miaka 86, mkewe 82.

Sasa mdogo wako. Dawa asiache ghafla. Katika mambo yote ya ugonjwa huu, hili ndilo ninalolijua kwa uhakika zaidi: anayekatisha ghafla yumo katika hatari kubwa ya kurudiwa, na kurudiwa kwa kijana wa mwaka wa pili chuo ni ghali kuliko kwa mzee wa miaka sitini aliyekwisha andika kazi zake. Baada ya mara ya kwanza kuugua huwa tunaendelea na dawa kwa mwaka mmoja hadi miwili tangu apate nafuu, ndipo tunazungumza juu ya kupunguza kidogo kidogo, mgonjwa mwenyewe akiwepo mezani.

Lakini malalamiko yake ni ya kweli, na sisi madaktari huwa wepesi wa kuyapuuza kwa kuwa sauti zimenyamaza na sisi tunahesabu tumeshinda. Mikono kutetemeka ni dalili kwamba kipimo ni kikubwa kwake au dawa hiyo haimkubali. Kinaweza kupunguzwa, dawa ikabadilishwa, au akaongezewa kidonge cha kutuliza mtetemo. Kulala kutwa mara nyingine hutatuliwa kwa kuhamishia vidonge usiku. Kunenepa kupimwe pamoja na sukari na shinikizo la damu, msingoje. Ulizeni kama sindano ya mwezi inamfaa, hasa ikiwa kila siku nyumbani pana vita ya kidonge. Daktari akiwajibu kwa haraka, rudini naye tena, au muoneni mwingine, lakini msijibu haraka yake kwa kutupa dawa. Kijana mwenyewe mumuulize pia kwa faragha, bila kelele, kama anavuta bangi, maana hiyo huchochea moto huuhuu. Na siku akigoma kula, au akisema sauti zinamwamuru ajidhuru, hiyo si siku ya kungoja kliniki. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.

Dua za bibi ziendelee. Sijawahi kuona dua iliyogombana na kidonge. Ila kijana asifungwe kamba, asinyimwe chakula kwa jina la mfungo, na asipelekwe mahali ambapo masharti yake ni kuacha dawa.

Chuo, andikeni barua ya kuahirisha masomo mapema, kabla hajahesabiwa mtoro na kufutwa. Kazi ya mjomba iwe hiyo: afuatilie ofisi kwa ofisi mpaka nafasi ihifadhiwe. Akiimaliza, ana nyingine ya kila Jumamosi, amchukue kijana watembee mpaka sokoni na kurudi. Alicia hakuwa na mjomba.

Wewe dada mtu huenda pia unajiuliza, ingawa hukuandika, kama ugonjwa huu utakufikia na wewe au watoto wako. Unatembea kwenye familia, ndiyo. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua ana uwezekano wa takriban mmoja kati ya kumi. Tisa waliobaki hawaugui.

Na madaftari, mwambie mama asiyachome. Pale Fine Hall waliacha ubao uandikwe, na nadhani walimfanyia Nash jambo kubwa kuliko walivyojua. Ukianza kuchoma, kijana ataanza kuficha, na tutapoteza dirisha pekee la kuona anachofikiri. Wekeni tarehe kwenye majalada, yakae sandukuni. Mkija kliniki mje na la zamani moja na la juzi moja. Nataka kuona kama mwandiko umebadilika, na kama kati ya zile namba kumeanza kuonekana hesabu tena.